Samaki Mgonjwa Kwenye Tangi Jipya la Maji ya Bahari: Pima Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Tangi la maji ya chumvi ambalo halijafikisha miezi mitatu huua samaki kwa maji yake mara nyingi kuliko kwa ugonjwa. Mwenye tangi anaona samaki anahema, anakimbilia dawa, anaimimina tangini, na kesho yake hata wale waliokuwa wazima wanaanza kuyumba. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Katika kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia na ile adimu imewekwa mwisho. Lakini usianze na dalili kabla ya vipimo.

Vipimo vya kwanza, dalili iwe ipi

Unahitaji kipimo cha matone cha amonia, cha nitriti na cha pH, kipimajoto, na refraktomita ya maji ya bahari, yaani kifaa cha kupima chumvi. Haya ndiyo majibu unayotaka:

- Amonia: sifuri. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita, tayari kuna tatizo.
- Nitriti: sifuri au karibu yake. Baharini nitriti haina ukali ilionao kwenye maji ya mto, kwa sababu kloridi ya chumvi huizuia kuingia kwenye matamvua. Hata hivyo ukiiona, jua bakteria wa tangi bado hawajakomaa.
- pH: 8.0 hadi 8.4.
- Joto: nyuzi 24 hadi 27.
- Chumvi: 1.025 hadi 1.026 kwa uzito linganishi, yaani karibu 35 kwa elfu.

Kipimo cha chumvi ndicho kinachodanganya wengi. Haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea husoma juu kuliko ukweli ikishikwa na kiputo kimoja cha hewa, na ikiganda chumvi nayo husoma ovyo. Refraktomita irekebishwe kwa myeyusho maalumu wa 35 kwa elfu. Ukiirekebisha kwa maji safi peke yake inaweza kuonyesha sifuri sawasawa, kisha ikakosea kule juu unakopimia.

Kumbuka pia kwamba maji hupaa, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5 tu, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 37. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, na feni ikiwa inapuliza juu ya tangi, hilo halichukui siku nyingi. Maji yaliyopaa hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyoondolewa klorini. Ukijaza kwa maji ya chumvi kila mara, unawapika samaki polepole.

Wanaochota maji ya bahari wenyewe wachote maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito, bandari na mifereji ya mji. Wakati wa masika pima kila ndoo, maana mvua kubwa hushusha chumvi ya maji ya ufukweni kuliko unavyodhani.

Dalili: anahema haraka, au amekaa juu akivuta maji ya uso wa tangi

Hesabu mara anazofungua matamvua kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Samaki wengi wadogo wa miamba wakiwa wametulia hawatakiwi kupita 100 kwa dakika. Akipita, shughulikia leo leo.

*Amonia.* Hii ndiyo ya kwanza kushukiwa kwenye tangi jipya. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawa kwenye mawe na mchanga. Ukiweka samaki wanne wiki ya pili, mzigo unawazidi. Na pH ya bahari huongeza ubaya: kwa pH ya 8.2, sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni zaidi ya mara kumi ya ile inayokuwepo kwenye pH ya 7.

La kufanya:

1. Acha kulisha kwa saa 24 hadi 48.
2. Badilisha nusu ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi ileile. Kama amonia ilikuwa miligramu 1, sasa ni 0.5, kwa hiyo pima tena baada ya saa chache na urudie.
3. Ongeza pampu ya hewa.
4. Tumia dawa ya kufunga amonia kwa kipimo cha lebo. Vipimo vingi vitaendelea kuonyesha amonia hata ikiwa imefungwa, usishtuke ukarudia dozi mara tatu.
5. Usioshe chujio wala sponji kwa maji ya bomba. Klorini itaua wale bakteria wachache ulionao.

*Oksijeni pungufu.* Maji ya bahari yenye nyuzi 26 hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo, na yakipanda hadi 30 oksijeni hupungua zaidi. Dalili yake ni kwamba samaki wote wanahema kwa pamoja, hasa alfajiri au umeme ukikatika. Elekeza pampu ya mkondo juu hadi uso wa maji uvunjike, na fungua mfuniko. Kila mwenye tangi la maji ya chumvi katika nchi zetu anahitaji pampu ndogo ya hewa ya betri. Umeme ukikatika saa nne usiku, hiyo ndiyo itakayowafikisha asubuhi.

*Safari.* Samaki aliyekaa saa nyingi kwenye mfuko ametoa hewa chafu iliyoshusha pH ya maji yale, na amonia imerundikana bila kumdhuru sana. Unapofungua mfuko, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kuwa sumu. Kwa hiyo ule mtindo wa kudondoshea maji kidogo kidogo kwa saa mbili haumfai samaki aliyesafirishwa mbali. Acha mfuko uelee majini ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20, ufungue, pima chumvi ya maji ya mfuko, uwe na tangi la karantini (tangi la pembeni la kumtenga samaki) lenye chumvi hiyohiyo, kisha mhamishe samaki bila maji yake. Chumvi utaipandisha taratibu siku zinazofuata.

*Sumu ya nyumbani.* Dawa ya mbu ya kupuliza huwa na pairethroidi, ambazo ni hatari sana kwa samaki, na pampu ya hewa huzivuta moja kwa moja majini. Ndoo iliyowahi kuwa na sabuni, au mikono yenye losheni, hufanya kazi hiyohiyo. Badilisha maji nusu na weka mkaa maalumu wa kuchujia.

*Vimelea kwenye matamvua.* Kama maji yamepimwa na ni safi, lakini samaki mmoja au wawili bado wanahema, soma sehemu inayofuata sasa hivi.

Dalili: vidoti vyeupe, au vumbi mwilini

Hapa usikosee, maana ugonjwa mmoja unakupa wiki na mwingine unakupa siku mbili. Zima taa za chumba, subiri kidogo, kisha mulika samaki kwa tochi kutoka upande, si kutoka mbele.

Ukiona punje zinazohesabika, kama chembe za chumvi ya mezani, zilizotawanyika kwenye mapezi na mwili, na samaki bado anakula, huo huenda ni ugonjwa wa vidoti vyeupe wa baharini, kimelea chake ni Cryptocaryon irritans. Kangaja wa buluu wa Bahari ya Hindi (Acanthurus leucosternon) anajulikana kwa kuupata haraka kuliko wenzake.

Ukiona unga mwembamba usiohesabika, wa kijivu au wa dhahabu, na samaki anajificha mwanga, anasimama mbele ya mkondo wa pampu, amekataa chakula na anahema, huo ni ugonjwa wa kimelea kiitwacho Amyloodinium ocellatum. Huu ni dharura. Mara nyingi matamvua huwa yameshaharibika kabla vumbi halijaonekana kwenye ngozi.

*Kwa nini vidoti hupotea vyenyewe.* Cryptocaryon hukaa kwenye ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, kisha huanguka, hasa gizani, na kujifungia kwenye gamba mchangani au mawe. Humo hugawanyika, na baada ya siku 3 au wiki kadhaa hutoka mamia wapya kumtafuta samaki. Mwenye tangi anaona ngozi imetakata, anashukuru, na wiki ya pili samaki amejaa vidoti mwili mzima. Kitunguu saumu, vitamini na kupandisha joto havikati mzunguko huo.

*Usitibu tangi kuu.* Dawa ya shaba huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe yenye chokaa huinyonya, halafu huja kuiachia baadaye. Samaki wote wahamie tangi la karantini, hata wasio na kidoti, na tangi kuu libaki bila samaki kwa siku 76. Wengi hukata tamaa siku ya 40. Wakirudisha samaki wakati huo, kazi inaanza upya.

Kuna njia tatu zinazofanya kazi.

*Kuhamisha kila saa 72.* Hii ndiyo tunayoipendelea kwa Cryptocaryon pale ambapo dawa za kuaminika hazipatikani, kwa sababu haitumii dawa kabisa. Unahitaji beseni au matangi mawili ya lita 40 hivi, kila moja na jiwe lake la hewa, hita yake kama inahitajika, na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Siku ya 1 samaki anaingia chombo cha kwanza. Siku ya 4, kabla saa 72 hazijatimia, anahamishiwa cha pili chenye maji mapya, bila kumwagia maji ya kwanza. Cha kwanza na vifaa vyake vyote vinaoshwa kwa jiki, vinasuuzwa, na kuanikwa vikauke kabisa. Rudia siku ya 7, ya 10 na ya 13. Vimelea huanguka na kujifungia kwenye chombo unachokiacha, na samaki ameshaondoka kabla hawajaanguliwa. Siri iko kwenye kukausha: neti moja iliyolowa, ikitumika pande zote mbili, inaharibu siku 12 za kazi. Maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya zamani kila safari.

*Shaba.* Hufanya kazi kwa magonjwa yote mawili. Dawa za shaba iliyofungwa (iliyounganishwa na kemikali nyingine) hulengwa kwa kawaida miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita; zile za shaba isiyofungwa zina kipimo cha chini sana, kwa hiyo lebo ndiyo mwamuzi. Pandisha kwa siku mbili hadi nne, kisha dumisha siku 30, ukipima kila siku kwa kipimo cha shaba kinachoendana na dawa yako. Ikishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, anza kuhesabu tena. Usichanganye shaba na dawa ya kufunga amonia: dawa hizo nyingi hubadilisha umbo la shaba na kuifanya kali zaidi kwa samaki. Amonia ikipanda, badilisha maji, halafu rudisha dozi ya shaba kwa kiasi cha maji uliyotoa.

*Kushusha chumvi.* Chumvi ishushwe hadi 1.009 ndani ya siku mbili, ikae hapo siku 30, kisha ipandishwe taratibu. Ni nzuri kwa Cryptocaryon, lakini haifui dafu mbele ya Amyloodinium. Ukipotea ukafika 1.012, umepoteza mwezi mzima. Usiijaribu bila refraktomita iliyorekebishwa.

Kwa Amyloodinium, bafu la maji yasiyo na chumvi humpunguzia samaki vimelea wakati unaandaa shaba. Maji yawe bila klorini, joto sawa na tangi, pH imepandishwa hadi ya tangi kwa baikabonati ya soda (ile ya kuokea, si magadi), na yamepulizwa hewa kwa nusu saa. Mweke dakika 3 hadi 5. Kulala ubavu sekunde za mwanzo ni kawaida. Akilegea asijibu hata ukimgusa, mtoe mara moja.

Bafu hilo hufichua jambo jingine. Minyoo bapa ya ngozi, kama Neobenedenia, haionekani ikiwa hai kwa kuwa mwili wake ni mwangavu. Kwenye maji yasiyo na chumvi hugeuka myeupe na kuanguka chini kama ufuta. Ukiiona, tibu kwa prazikwanteli, dawa ileile inayotibu kichocho kwa binadamu, ila nunua ile iliyotengenezwa kwa samaki: miligramu 2.5 kwa lita, na rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu mayai hayafi kwa dozi ya kwanza. Ongeza hewa, maana oksijeni huweza kushuka wakati wa tiba.

Dalili: ute mzito unaochubuka kama ngozi

Kwa samaki wa Amphiprion, wale ambao madukani huitwa Nemo, hasa waliovuliwa baharini, sababu ya kwanza ni kimelea Brooklynella hostilis. Huanza na rangi kufifia, kisha ute mweupe unaning'inia ubavuni, na samaki anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Shaba haiaminiki hapa. Bafu la maji yasiyo na chumvi humpa nafuu ya muda tu.

Dawa iliyozoeleka ni formalini, na hapa ndipo unaposimama. Mvuke wake huunguza macho na mapafu na husababisha saratani. Ikiwa na mashapo meupe chini ya chupa ni sumu zaidi kwa samaki. Kipimo na bafu vifanywe na daktari wa mifugo au mtu aliyefunzwa, nje ya nyumba au penye hewa ya kutosha, akiwa na glavu na miwani.

Dalili: hataki kula, au anakula lakini anakonda

Samaki mgeni kukataa chakula siku mbili hadi nne si ugonjwa. Punguza mwanga, mpe pa kujificha, angalia kama kuna anayemfukuza. Jaribu uduvi mbichi uliokatwa vipande vidogo na kusuuzwa, na kwa kangaja funga mwani mkavu wa nori usiotiwa mafuta wala viungo.

Kuna samaki ambao tatizo lao ni kununuliwa. Kitatange aina ya Chaetodon trifasciatus hula matumbawe hai, na kwenye tangi jipya atakufa njaa hata ukimlisha vipi. Yule mdogo msafisha wenzake, Labroides dimidiatus, naye hufa hivyohivyo mara nyingi. Usiwanunue.

Anayekula vizuri huku tumbo limebonyea na kinyesi ni cheupe chenye nyuzi, shuku vimelea vya tumbo. Hiyo ni tiba ya kuchanganywa na chakula, kwa dozi ya daktari.

Dalili: mapezi yamechanika, vidonda, jicho limetoka

Kwanza kaa mbali na tangi dakika 20 ukitazama. Mapezi yenye kingo zilizokatika safi ni meno ya jirani, na wale wadogo weusi wa Dascyllus wanaouzwa kwa bei rahisi "kuanzishia tangi" ndio wakorofi wakubwa. Hakuna haja ya kuanzisha tangi kwa samaki hai. Kipande cha nyama ya kamba kilichoachwa kioze kinazalisha amonia ya kutosha kulisha bakteria.

Jicho moja likitoka, mara nyingi amejigonga. Maji safi na subira vinatosha. Macho mawili yakitoka, au kingo za mapezi zikiwa nyeupe na zinaliwa kila siku, ni bakteria waliopata nafasi kwa sababu ya maji mabaya. Kidonda chekundu ubavuni kwa samaki wa Chromis, kinachopanuka haraka, huenda ni kimelea Uronema. Mtenge saa hiyohiyo.

Vivimbe vyeupe kama vichwa vidogo vya koliflawa kwenye pezi ni limfosisti. Ni virusi, havina dawa, na mara nyingi hupona vyenyewe samaki akitulia. Usikate.

Usifungue vidonge vya binadamu tangini. Tetrasaiklini hushikwa na kalsiamu na magnesiamu ya maji ya bahari, ikapoteza nguvu kubwa, na antibayotiki yoyote inayobaki na nguvu inaweza kuwaua bakteria wanaokula amonia.

Dalili: anaelea juu hawezi kushuka

Kwa samaki aliyevuliwa siku chache zilizopita, sababu ya kwanza ni kupandishwa haraka kutoka kina kirefu. Kibofu cha hewa kimevimba. Mweke penye utulivu. Kutoboa kwa sindano ni kazi ya daktari pekee.

Tangi la karantini

Halihitaji uzuri. Lita 40 hadi 80, kioo kitupu bila mchanga wala mawe, chujio la sponji, hita, mabomba ya plastiki, mfuniko. Sponji ikae wiki kadhaa kwenye tangi kuu kabla ya kuhitajika ili ibebe bakteria, ila si kama tangi kuu tayari lina ugonjwa. Pima amonia kila siku.

Simama, tafuta mtaalamu

Samaki wawili au zaidi wakifa ndani ya saa 24 na maji yakipimwa ni safi, vidonda vikienea, tiba ya kwanza ikikamilika sawasawa na dalili zikarudi, au ukihisi umeme unapogusa maji. Kwa hilo la mwisho, zima swichi kuu kabla ya kugusa kitu chochote.

Mawe uliyotoa baharini usiyachemshe wala kuyasugua kwa maji ya moto ili "kuua vimelea". Yakiwa na Palythoa, viumbe laini wa jamii ya matumbawe, mvuke wake unaweza kubeba sumu kali ya palaitoksini, na watu wamelazwa hospitalini kwa sababu hiyo. Ukiwa na mchubuko mkononi vaa glavu. Kidonda au uvimbe usiopona baada ya kushika maji ya tangi upelekwe hospitali, na mwambie daktari kwamba unafuga samaki, ili afikirie bakteria Mycobacterium marinum.

Madaktari wa samaki ni wachache, lakini vitivo vya tiba ya mifugo vipo, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na Mombasa iko taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI. Samaki anayekufa ana faida zaidi kwa uchunguzi kuliko aliyekufa, kwa sababu vimelea humwacha au hufa mapema. Akishakufa, mweke kwenye mfuko juu ya barafu umfikishe ndani ya saa chache, usimgandishe. Beba chupa ya lita moja ya maji ya tangi, video ya anavyohema, na karatasi yenye vipimo, tarehe na kila dawa uliyotia.

Na samaki mgonjwa asirudishwe baharini, hata kama alivuliwa palepale mbele ya nyumba yako.